Likizo imekwisha, orodha yangu bado iko ukutani

Jambo mama,

Mimi ni msichana wa miaka 21, ninaishi Katuba, hapa Lubumbashi. Ninasoma agronomia chuo kikuu na nimemaliza mwaka wa pili, ila bado ninadaiwa kozi moja, takwimu, ambayo nilianguka sesheni zote mbili za mtihani. Ninakuandikia kwa sababu masomo yanafunguliwa karibuni, na kila nikiingia chumbani ninakutana na karatasi niliyoibandika mwenyewe ukutani likizo kubwa ilipoanza.

Niliiandika kwa bic nyekundu. Nisome takwimu yote upya na kufanya mazoezi ya kila sura. Nijue Kiingereza cha kuongea bila kukimbilia Kifaransa. Nijifunze Excel kwenye kompyuta ya rafiki yangu. Niweke dola 100 nianze kutafuta kompyuta yangu ya mtumba. Niamke saa kumi na moja nikimbie. Na niende Kipushi kwa bibi, nirekodi kwenye simu maisha yake na ya marehemu babu, ambaye alikuwa akishuka mgodini mpaka mgodi uliposimama mwaka 1993.

Kiingereza ndicho kilichonisukuma zaidi. Mjomba wangu yuko Kolwezi, anafanya kazi kwenye migodi. Aliniambia kwamba mtoto wa agronomia anaweza kupata staji, yaani mafunzo ya kazini, kwenye idara za mazingira, wanakorudisha udongo na kupanda miti mahali palipochimbwa, lakini asiyejua Kiingereza anabaki getini. Akanitumia dola 80: 60 za kituo cha lugha, 20 za taksibasi na kitabu. Nilianza vizuri, mama. Nilikuwa nakaa mbele.

Halafu mama yangu aliteleza bafuni akavunjika mkono wa kulia. Anauza unga wa mahindi na makayabu, samaki wa chumvi, kwenye soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi. Meza ikikaa bila mtu, wateja wanahama, wenye madeni wanapotea, na hata ile nafasi mwingine anaweza kuikalia. Hakuna aliyenituma. Asubuhi moja nilimkuta mama amefunga kitambaa kiunoni, anajaribu kuinua mfuko wa unga kwa mkono wa kushoto, nikamnyang'anya. Tangu siku ile nikawa mimi wa sokoni. Kaka yangu ana miaka 24 na yuko nyumbani anangoja kazi. Hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye.

Nilijaribu kubeba silabasi ya takwimu. Niliiweka kando ya meka, kile chombo cha kupimia unga, nikijiambia kwamba wateja wakipungua nitasoma. Mteja anataka umpimie mbele ya macho yake, umwache aone kijiti kinavyopita juu ya meka, na mwingine anagoma kijiti kisipite, anataka kilima. Kufika saa nne kurasa zilikuwa nyeupe na sijamaliza hata mfano mmoja. Jioni umeme hakuna, ninasonga bukari, ugali wetu, kwa mwanga wa simu, ninalala. Kiingereza kikafa hivyo hivyo. Wanaotuletea unga kutoka Zambia wangeweza kunisaidia, lakini na wale tunaongea Kibemba. Kitu pekee nilichofanya ni daftari la madeni, maana mama alikuwa anayaweka yote kichwani. Nikawa ninaandika pia tumeuza meka ngapi kila siku. Kipushi nilikwenda mara moja tu. Bibi alikuwa na homa, tukamenya karanga, sikurekodi chochote.

Sasa kinachoniumiza. Mjomba alipopiga simu kuuliza habari za Kiingereza, mama ndiye aliyepokea. Akamwambia: «Anaendelea vizuri sana, sasa anaongea kama mzungu.» Mimi nilikuwa pembeni ninaosha sufuria, nikanyamaza. Zile dola 20 zilikwenda kwenye plasta na dawa. Mjomba anakuja kwa harusi ya ndugu yetu kabla ya masomo kufunguliwa, na ameshasema kwamba mezani ataongea nami Kiingereza tupu.

Kaka naye aliisoma karatasi yangu kwa sauti mbele ya wageni, akamaliza kwa kusema: «Mipango si matumizi. Huyu ni wa kuanza tu, kumaliza hajui.» Watu walicheka. Wenzangu wa promosyo, wa mwaka wangu chuoni, wanaweka vyeti vyao kwenye status za WhatsApp. Mimi nina nini? Niibandue karatasi? Nimwambie mjomba ukweli, mama yangu aonekane mwongo mbele ya kaka yake? Na je, ni kweli kwamba mimi ni mtu wa kuanza tu?

Binti wa Katuba

*

Binti yangu,

Pole kwa mkono wa mama. Na pole kwako pia, kwa sababu katika barua nzima umeeleza uchovu wa kila aina bila kusema hata mara moja kwamba umechoka.

Nikikusoma vizuri, uliandika mambo sita ya kufanya likizoni, nyumba ikapata msiba wake mdogo, wewe ukaingia kazini badala ya mama, na sasa unajipima kwa karatasi iliyoandikwa kabla mama hajateleza. Juu ya hapo kuna pesa ya mjomba, kuna neno ambalo mama alilisema kwenye simu, na kuna kicheko cha wageni. Umeyafunga yote pamoja na kuyaita kushindwa. Ninaomba tuyafungue, maana sioni kama ni jambo moja.

Nianze na lile la kaka yako, kwa sababu ndilo ninaloliona limekuingia zaidi. Anasema wewe ni wa kuanza tu. Kiingereza ulikiacha kwa kuchoshwa nacho? Barua yako inasema ulikuwa unakaa mbele, na uliondoka kwa sababu mfuko wa unga ulikuwa unainuliwa kwa mkono wa kushoto. Na soko, ambalo halikuwa kwenye karatasi yoyote, ulilianza na hukuliacha. Mtu asiyejua kumaliza angepata sababu nyingi za kutofika pale saa kumi na mbili asubuhi, katika baridi ya kiangazi cha kwetu, siku baada ya siku. Takwimu, hata hivyo, ninaiweka kando kwa makusudi. Hiyo ulianguka kabla ya mkono wa mama, na mara mbili. Soko halihusiki na sesheni zile, na ukiacha lilifunike jambo hilo, mwaka kesho utabaki na deni lilelile bila kujua linatoka wapi. Je, ni hesabu zenyewe hukuzielewa tangu shule? Ni mwalimu anayekwenda mbio? Ni kwamba hukuwahi kufanya mazoezi na wenzako? Sijui, na barua haisemi. Ningependa ujiulize hilo peke yake, siku ambayo hufikirii kaka wala mjomba.

Sasa orodha yenyewe. Mambo sita kwa likizo moja, nyumba ikiwa nzima na mama akiwa mzima, yangewezekana? Ninauliza kweli. Mwaka 1994 watafiti watatu wa saikolojia nchini Canada, Buehler, Griffin na Ross, walitoa habari za wanafunzi waliokuwa wanaandika kazi yao ya mwisho chuoni. Waliwauliza watachukua siku ngapi. Kwa wastani walisema karibu 34. Walitumia zaidi ya 55. Waliomaliza siku waliyoitaja hawakufika hata theluthi. Wakaulizwa pia ingechukua muda gani mambo yote yakienda vibaya, na hata hapo walisema chini ya 49, yaani chini ya muda uliotumika kweli. Hao walikuwa na kazi moja tu ya kumaliza. Tunapopanga, tunajiona sisi na kazi, hatuoni umeme unaokatika, mgeni anayelala siku tatu, homa, bafu linaloteleza. Kwa hiyo kaka aliposema mipango si matumizi, alisema jambo linalotupata karibu wote, yeye akiwemo. Kulifanya liwe tabia yako wewe, mbele ya wageni, hapo ndipo sikubaliani naye.

Watu wengine watakufariji kwa kusema kwamba soko limekufundisha kuliko kituo chochote. Labda. Mimi naona haraka katika faraja hiyo. Ulitaka Kiingereza, hukukipata, na una haki ya kusikitika bila mtu kukupa zawadi ya badala. Hata Wazambia unasema mliongea nao Kibemba. Nimependa kwamba hukujidanganya pale. Lakini kuna sentensi moja uliyoipita upesi, nami nimerudi kuisoma: lile daftari. Umeandika meka zilizouzwa kila siku kwa muda wote huo. Mwanafunzi anayedaiwa takwimu ana mkononi tarakimu za kweli, alizozikusanya mwenyewe, ambazo anajua kila moja ilitokea vipi. Wastani wa Jumatatu ni ngapi, wa Jumamosi ni ngapi? Siku moja ikipishana mbali na wastani, kulikuwa na nini, mshahara, mazishi, bei ya unga kupanda? Mtawanyiko ambao kwenye silabasi ni alama za Kigiriki, kwenye daftari ni siku ambazo mama alilala na wasiwasi. Tarakimu hizo ukiziingiza kwenye Excel ya rafiki yako, mistari miwili ya karatasi imeanza kusogea. Sisemi kwamba utafaulu kwa hilo. Mtihani utauliza ya silabasi, na unaweza kupendezwa na daftari mpaka ukaacha sura ngumu. Ninasema tu kwamba una pa kuanzia ambapo kuna maana kwako.

Tuje kwa mjomba, maana huyo ana tarehe.

Unaliona kama kuchagua kati ya ukweli na heshima ya mama. Ninajiuliza kama kweli mama alimdanganya kaka yake kuhusu wewe. Alikuwa amevunjika mkono, anaishi kwa jasho la binti yake, na pesa ambayo kaka yake alimtumia mtoto imelipa plasta yake. Kusema «ameacha kwa sababu yangu» kungemchoma. Huenda maneno yale yalikuwa aibu yake mwenyewe inayojitafutia mlango. Kama ndivyo, mtu wa kwanza wa kuongea naye si mjomba. Ni mama, mkiwa wawili, jikoni au njiani kutoka sokoni, na bila kumhoji. «Mama, mjomba atakuja na Kiingereza chake, tutamwambiaje?» Neno «tutamwambiaje» linamweka upande wako. Hatari ipo: anaweza kukwambia unyamaze, harusi ipite. Ukishamuuliza, kwenda kinyume na neno lake kutakuwa kuzito kuliko sasa. Lijue hilo kabla hujafungua mdomo.

Ukiamua kumpigia mjomba wewe mwenyewe kabla hajatoka Kolwezi, faida ni kwamba anayapokea akiwa peke yake, anapata muda wa kukasirika na kutulia, na mezani hakuna anayeshtuka. Unaweza kuanza na mkono wa mama, kwa sababu ndiko mambo yalikoanzia, kisha useme ulisoma muda gani, ulisimama lini, dola 20 zimenunua nini. Huhitaji hata kutaja simu ya mama. Mjomba ni kaka yake, amekua naye, ataelewa au ataamua kutouliza. Hatari yake ni kwamba atajiona amefichwa, na safari nyingine afikirie mara mbili kabla ya kutuma pesa. Unaweza pia kumwachia mama aseme mwenyewe, wakubwa kwa wakubwa, na kwetu hilo lina uzito wake. Lakini basi habari yako itasimuliwa na mtu mwingine, nawe hutajua imesimuliwa vipi.

Kunyamaza pia ni njia, na watu wengi wangeichukua. Ukinyamaza, utakaa kwenye ile harusi ukihesabu viti kati yako na mjomba. Na akikuuliza swali la pili kwa Kiingereza ambalo huwezi kulijibu, kila kitu kitatoka mbele ya wageni, siku ya furaha ya watu wengine. Ninakuambia hivi ili ulione lote, si kukutisha.

Kabla ya yote hayo, pita kwenye kile kituo. Uliza kama muda uliolipiwa na hukuusoma unaweza kuhamishiwa kikao kijacho, au kwa nyongeza gani. Wakikataa, umejua. Wakikubali, unapoongea na mjomba utakuwa na jambo la kumwonyesha mbali na pole.

Umeandika, «Hakuna aliyenituma,» na chini kidogo, «Hakuna hata mmoja aliyemtazama yeye.» Nimekaa na mistari hiyo miwili muda mrefu. Umempenda mama, na umekasirika. Ninadhani vyote viwili ni kweli, na kimoja hakifuti kingine. Katika nyumba zetu nyingi mtu akianguka, macho yanamwendea binti, hata kabla ya mtu kusema neno, naye binti mwenyewe anakuwa ameshasimama. Kaka hakuombwa. Je, angekataa? Labda angekataa. Labda pia amekaa miezi akiona dada yake anashika nafasi ambayo hakuna aliyemwamini nayo, na kicheko chake kilitoka huko. Simtetei, alikosea kusoma karatasi yako mbele za watu, na ukiweza kumwambia hivyo kwa upole siku nyingine, mwambie. Ila kuna swali ambalo kwangu ni kubwa kuliko karatasi: masomo yakifunguliwa, nani atasimama mezani? Plasta ikitoka, mkono bado utakuwa dhaifu, hauwezi mifuko ya unga. Kama jambo hilo halijazungumzwa na nyumba nzima, kaka akiwepo, basi orodha yoyote utakayoiandika itagongana na soko lilelile, na utajilaumu tena. Ninajua kwamba kulifungua si rahisi. Linaweza kuonekana kama unamkimbia mama. Pengine lianzie kwenye ratiba tu: siku gani una darasa, siku gani huna, nani abebe mifuko asubuhi kabla ya wewe kwenda kampusi.

Kuhusu karatasi: ibandue, iache, yote yawezekana. Ukiibandua leo kwa hasira, utapata usingizi, ila utakuwa umekubali maneno ya kaka. Ukiiacha ilivyo, itaendelea kukuhukumu kwa sheria za mtu ambaye hakuwa na meza ya unga. Ungeweza pia kukaa nayo saa moja na kalamu ya rangi nyingine, na kwa kila mstari kuuliza: hili nililitaka mimi, au nililiona kwa wenzangu? Kukimbia saa kumi na moja, kwa mfano. Barua haionyeshi kama limekuuma hata kidogo. Kuna mstari unaoweza kufutwa bila machozi.

Utakaoubakiza, uupe mahali na saa. Watafiti wengine wa saikolojia, Gollwitzer na Brandstätter, waliwapa wanafunzi wa Ujerumani kazi fupi ya kuandika katika likizo ya Noeli, ndani ya siku mbili baada ya mkesha. Waliokuwa wameeleza mapema wataifanya wapi na wakati gani, karibu saba kati ya kumi waliifanya. Wengine ni kama watatu kati ya kumi. Ilikuwa kazi ndogo, takwimu ni kubwa, kwa hiyo usitegemee muujiza. Lakini «nisome takwimu yote» haina mlango wa kuingilia. «Jumanne nikitoka darasani, kabla ya kupanda taksibasi, mazoezi mawili na rafiki yangu» ina mlango. Na andika pia, kando yake, utafanya nini siku ambayo mama atakuhitaji.

Nimeacha Kipushi mwisho kwa sababu wewe uliitaja kama jambo dogo. Takwimu ina sesheni nyingine. Kiingereza kitakuwepo. Bibi ana umri wake na ana homa zake. Ulisema hukurekodi chochote, mkamenya karanga. Sijui mliongea nini mkimenya, lakini nina hakika kuna kitu alikisema. Kiandike sasa, hata kama ni mistari mitatu, kabla hakijachanganyika na mengine. Kipushi ni kama kilomita 30 tu kutoka hapa. Pengine harusi itawakusanya ndugu wote, naye akiwemo, na simu yako itakuwa mfukoni.

Ukishaongea na mama, au ukiamua kutoongea naye kwanza, niandikie tena. Ningependa kujua kituo kimejibu nini, na kaka alisemaje mlipofika kwenye suala la mifuko ya unga.